Nani Huyo "Mtunzi Hajulikani"?

JUMAMOSI moja mwaka huu nilialikwa harusini Kisauni, si mbali na Kengeleni. Chakula kilipokwisha kuliwa na wageni kunawa mikono, bendi ya bango ilipanda jukwaani. Na jukwaa lenyewe lilikuwa ni mbao tu zilizolazwa juu ya matofali. Mpiga gitaa alikuwa mzee aliyeota mvi hata nyusini. Alikivuta kiti, akaketi, akazikaza nyuzi moja baada ya nyingine pasi na haraka, kisha akauanza wimbo wa "Tausi". Akina mama waliokuwa mkekani wakaitikia papo hapo, kila mmoja kwa sauti yake, kana kwamba walikuwa wakiungojea tangu asubuhi.

Kando yangu aliketi binti mmoja wa shule ya upili, mtoto wa jirani yangu. Aliniamkia kwa adabu, nami nikaitika marahaba. Kisha akaninong'oneza: "Mwalimu, mzee huyu amejitahidi, lakini hajaupiga kama wenyewe walivyoupiga."

"Wenyewe ni akina nani?" nikamuuliza.

"Them Mushrooms. Niliwasikia kwenye simu ya baba."

"Na Fundi Konde, umepata kumsikia?"

Alifikiri kidogo, akamtazama yule mzee jukwaani. "Ndiye huyu?"

Msomaji mpendwa, nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Binti yule si mzito wa akili. Ni mwanafunzi hodari ambaye ukimwuliza tarehe za vita vya Ulaya atakutajia bila kufungua kitabu. Alichokikosa hakukikosa kwa uvivu wake. Alikikosa kwa kuwa sisi tuliomtangulia, walimu tukiwa mstari wa mbele, hatukumwambia. Ndipo nilipoazimia kuandika makala haya, ambayo, kama msomaji atakavyoona huko mbele, ni makala ya kuungama pia.

Basi na tuanze na mwenye wimbo. Fundi Konde alizaliwa mwaka wa 1924 katika nchi ya Wagiriama, kaskazini mwa Mombasa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili aliingia jeshini, akawamo katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa upande wa Burma. Vita vilipokwisha hakuliweka gitaa chini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alirekodi santuri nyingi jijini Nairobi, na anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Isitoshe, hakuwa mwimbaji tu, bali alikuwa pia fundi wa mitambo ya kurekodi, hata ukasema jina lake lilimchagua yeye. Mbali na "Tausi", wazee wetu humkumbuka kwa nyimbo kama "Jambo Sigara" na "Mama Sowera".

Kisha miaka ikapita. Mitindo mipya ikaingia, magitaa ya Kongo yakatamalaki redioni, na mzee akanyamaza muda mrefu. Katika uzee wake ndipo alipokutana na vijana wa Them Mushrooms, bendi iliyoanza hapa Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana hao hawakuwa na haja ya kuazima umaarufu wa mtu. Walikuwa wamekwisha kujipatia wao kwa "Jambo Bwana" wa mwaka wa 1982, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison, wimbo ambao kundi la Boney M la Ujerumani liliurudia mwaka uliofuata. Hata hivyo walimwendea mzee, wakaingia naye studioni, na baadhi ya nyimbo zake za kale zikarekodiwa upya, yeye mwenyewe akiwamo. Mwaka wa 1994 rekodi zake za kati ya 1947 na 1956 nazo zilikusanywa na kutolewa katika diski. Alipofariki mwaka wa 2000 alikuwa ameziona nyimbo zake zikiimbwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipozitunga.

Kwa hiyo binti wa Kisauni hakukosea kabisa. Aliyoyasikia kwenye simu ya baba yake ni ya kweli. Alichopungukiwa ni kujua kwamba nyuma ya sauti ile kulikuwa na sauti nyingine, na kwamba wale aliowaita wenyewe walikuwa wameingia nyumbani kwa mtu kwa kubisha hodi.

Redio zetu zimezipa nyimbo za aina hii jina la "zilizopendwa". Walimu wa sarufi mlitazame neno hilo vizuri. Lina kiambishi cha wakati uliopita: zilipendwa, basi. Ni kana kwamba mapenzi hayo yamekwisha, na anayeupiga leo wimbo wa 1950 anafukua kaburi. Lakini wale akina mama wa mkekani hawakuwa wakifukua kaburi. Walikuwa wakiimba wimbo unaopendwa, wakati uliopo, hali ya kuendelea.

Swali langu, basi, si kama yafaa wimbo wa mtu kuimbwa na mwingine. Nyimbo zisizorudiwa hufa. Swali ni hili: anayeurudia wimbo ana deni gani kwa aliyeutunga? Vijana siku hizi huita jambo hili "kava", na wengi hudhani kwamba limeletwa na simu. La hasha. Ni jambo la zamani, na watu wa mbali na wa karibu wamekwisha kulipima.

Tuwatazame kwanza Wamarekani weusi na muziki wao wa bluzi. Bluzi ya kawaida ina umbo ambalo mwanafunzi wa ushairi atalielewa upesi. Mstari wa kwanza huimbwa, hurudiwa, kisha mstari wa tatu hujibu. Na chini yake gitaa hutembea vipande 12 vya mapigo manne manne, halafu huanza tena. Kwa kuwa umbo hilo ni la wote, beti zilisafiri kutoka mwimbaji hadi mwimbaji, na aliyezichukua alitarajiwa kuzitia chumvi yake. Kurudia ndiko kulikouweka hai muziki wenyewe.

Mmoja wa mabingwa wake alikuwa Robert Johnson wa Mississippi. Alirekodi nyimbo 29 tu, mwaka wa 1936 na 1937, akafariki mwaka wa 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Miaka 30 baada ya kifo chake, Mwingereza Eric Clapton, akiwa na kundi la Cream, aliupiga upya wimbo wake wa njia panda, ukavuma duniani. Na mwaka wa 2004, akiwa sasa mkongwe anayekaribia miaka 60, Clapton alitoa albamu nzima ya nyimbo za Johnson, na jina la Johnson likakaa juu ya jalada: "Me and Mr. Johnson". Tazama adabu iliyomo katika neno hilo la Mr. Mzee mwenye mali na sifa za ulimwengu anamwita kijana maskini aliyekufa zamani "bwana".

Lakini si wote walioingia kwa kubisha hodi. Willie Dixon, mtunzi mashuhuri wa bluzi mjini Chicago, aliutunga wimbo ulioimbwa na Muddy Waters mwaka wa 1962. Mwaka wa 1969 kundi la Led Zeppelin la Uingereza likatoa wimbo wake maarufu "Whole Lotta Love", ambao sehemu ya maneno yake ilifanana mno na yale ya Dixon, na jina la Dixon halikuwamo. Ilimbidi mzee huyo aende mahakamani mwaka wa 1985, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka wa 1987. Miaka 18 ilipita kati ya wimbo na haki. Wimbo ulikuwa mzuri, wapigaji walikuwa stadi, na bado kulikuwa na deni.

Huenda msomaji akaniuliza: mambo ya Mississippi na Chicago yanatuhusu nini sisi wa Changamwe na Likoni? Nami nitamwomba avuke nami hadi Kisauni. Mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba, na mwaka wa 1875 wamisheni wa CMS walianzisha makao ya watumwa walioachwa huru katika ukingo wa Kisauni, yakaitwa Freretown kwa jina la Sir Bartle Frere. Waliwekewa kengele ya kuwaonya wateka watu wanapokuja, na ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Wakazi wa kwanza wa Freretown walikuwa watu walionyang'anywa makwao, ndugu zao na mara nyingi hata majina yao, kama walivyonyang'anywa mababu wa wapiga bluzi. Sidai kwamba bango ni bluzi. Kila muziki una mama yake. Lakini si kichekesho kwamba jina kubwa kuliko yote katika bango, Mzee Ngala na saksafoni yake, ni jina la Freretown. Mahali pa watu waliopokonywa majina, sisi tungepaswa kuwa wa mwisho kabisa kuandika juu ya kazi ya mtu kwamba mwenyewe hajulikani.

Aidha, hatuna haja ya kuazima adabu hii ng'ambo. Washairi wetu wa Pwani walikuwa nayo kabla ya gitaa la kwanza kushushwa bandarini. Wanafunzi wa kidato mmesoma, au mtasoma, juu ya takhmisi. Mshairi huchukua utungo wa mshairi aliyemtangulia, ambao kila ubeti wake una vipande viwili, naye huongeza vipande vitatu vyake mbele ya vile viwili, ili ubeti uwe na vipande vitano. Ndiyo maana ya neno lenyewe, lililotokana na tano ya Kiarabu. Takhmisi mashuhuri kuliko zote ni ile ya tungo za Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwenye Al-Inkishafi.

Sasa litafakari tendo hilo. Sayyid Abdalla hakuyabadili maneno ya Liyongo wala kuyafanya yake. Aliyaacha mahali pake, mwishoni mwa kila ubeti, yakifunga hoja. Na ufundi wake ulikuwa katika kutunga vipande vipya vitakavyoyafikia yale ya zamani bila mshono kuonekana. Msomaji anajua ni kipi cha mzee na ni kipi cha mgeni. Wawili hao wanasimama katika ubeti mmoja, hakuna aliyemfunika mwenziwe. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kava ya kweli, na sisi tulikuwa nayo zamani.

Hata katika taarabu hapa Mombasa desturi hii ilikuwapo kwa namna yake. Marehemu Juma Bhalo, aliyetuaga mwaka wa 2014, alizichukua sauti za filamu za Kihindi na kuzivika mashairi ya Kiswahili safi. Wasikilizaji wake waliokuwa wakienda sinema walizitambua sauti zile, na kuzitambua kulikuwa sehemu ya raha. Hakuna aliyedhani kwamba amedanganywa.

Kinachotokea jina likipotea, tumekiona. "Malaika" ni wimbo unaojulikana duniani kuliko wimbo wowote wa Kiswahili wa mapenzi. Fadhili William, mwenye asili ya Taita, aliurekodi mwaka wa 1960 pamoja na Jambo Boys. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka katika albamu yao ya 1965, Boney M wakauimba mwaka wa 1981, Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka wa 1991. Na bado, mpaka leo, watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wengi husema ni Fadhili. Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, na wengine humtaja Lucas Tututu wa hapa hapa Mombasa. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Ninachosema ni kwamba lingekuwa jepesi mno kuamuliwa lau desturi ya siku zile ingekuwa kuandika majina kwa uangalifu kama tunavyoandika majina kwenye hati za mashamba.

Mbaya zaidi ni kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini. Aliurekodi wimbo wake "Mbube" mwaka wa 1939, akaiuza haki yake kwa shilingi chache, akafariki maskini mwaka wa 1962. Wimbo huo ukaenda Marekani, ukabadilishwa jina na kuchuma mali isiyo kifani, na mwaka wa 1994 ukasikika katika filamu ya katuni iliyotazamwa na watoto wa dunia nzima. Binti zake walilazimika kwenda mahakamani, na maafikiano yalipatikana mwaka wa 2006, miaka 44 baada ya baba yao kuzikwa.

Ni rahisi kuwanyoshea kidole matajiri wa ng'ambo. Sasa na nijinyoshee mwenyewe.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bara la Mombasa, nami nilikabidhiwa kwaya. Tulikuwa tukijiandaa kwa mashindano ya muziki. Nilitafuta wimbo wa Pwani, nikaupata kwa shangazi yangu wa Likoni ambaye aliuimba akikuna nazi. Nilimwuliza ameutoa wapi. Akasema ulikuwa ukipigwa mtaani miaka hiyo. Mimi nikaona yatosha. Niliuchangamsha, nikaupa makofi na ngoma, nikawafundisha watoto. Kwenye fomu, mahali palipoulizwa jina la mtunzi, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kialimu: "Wimbo wa kienyeji. Mtunzi hajulikani." Tulifanya vyema, na watoto walirudi nyumbani wakiimba barabarani.

Majuma mawili baadaye nilikuwa kwenye feri nikivuka kwenda Likoni. Mzee mmoja aliyeshika kikapu cha mboga alinisogelea. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniuliza kama mimi ndimi mwalimu wa kwaya. Nikasema ndimi, na nakiri kwamba nilitarajia sifa.

"Mjukuu wangu yumo kwayani mwako," alisema. "Amenionyesha karatasi ya mashindano. Mwanangu, wimbo ule niliutunga mimi. Kumbe mimi ndiye huyo Hajulikani."

Hakupandisha sauti. Akaugeuza uso, akatazama maji. Wanaovuka Likoni wanajua jinsi safari ile ilivyo fupi. Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko safari ya Mombasa hadi Malindi. Tulipofika ng'ambo nilimwomba msamaha, nikamsihi aje shuleni. Aliniambia atafikiri.

Alikuja, na gitaa lake kuukuu lililofungwa kwa kitambaa cha leso. Aliketi mbele ya watoto 40 akaupiga wimbo wake. Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba aliupiga polepole, polepole mno, na kwa sauti ya chini, kwa sababu koo lake halikuwa tena la ujana. Wimbo niliokuwa nimewafundisha watoto kwa makofi na vigelegele ukawa kitu kingine kabisa. Mmoja wao aliinua mkono akauliza: "Babu, mbona unasikitika?" Ndipo alipotueleza. Aliutunga kwa ajili ya kaka yake aliyeajiriwa melini, akaondoka bandari ya Kilindini, asirudi. Maneno ya kukaribisha tuliyoyaimba kama ya harusi yalikuwa ya mtu anayemwandalia chakula ndugu ambaye moyoni anajua kwamba haji.

Msomaji, hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilidhani kosa langu ni la karatasi, la kuacha nafasi wazi kwenye fomu. Kumbe nilipomwacha mtunzi niliiacha maana pia. Sikuwa nimeurudia wimbo ule. Nilikuwa nimeimba sauti yake tu, ilhali wimbo wenyewe ulibaki Likoni na mwenyewe, ukimngojea mtu wa kuuliza.

Kulikuwa na msichana mmoja kwayani aliyekuwa ametunga ubeti wa ziada kwa mashindano. Nilitaka kuuficha kwa aibu, lakini watoto hawajui kuficha, wakamwambia mzee. Alimwomba auimbe. Alisikiliza akiwa ameyafumba macho, kisha akasema: "Ubeti huo una haya, na haya ni nzuri. Wako utangulie, wangu ufunge." Wakaimba hivyo, mtoto akitangulia na mzee akifunga. Nilikuwa nimefundisha takhmisi ubaoni kwa miaka kadhaa, na sikuwa nimeiona kwa macho mpaka siku hiyo.

Kabla ya kuondoka nilimwambia kwamba nitaandika habari zake magazetini ili watu wamjue. Alikataa. "Jina langu liweke penye wimbo," alisema, "gazetini niache." Kwa hiyo silitaji hapa. Lakini limo katika daftari la kwaya ya shule ile, juu ya maneno ya wimbo, kwa wino, na kila mwalimu aliyenifuata amelikuta. Mzee alikwisha kutangulia mbele ya haki. Mungu amrehemu.

Nadhani nimesema ya kutosha kuwa na haki ya kutoa nasaha, maana mkosaji aliyekosolewa ana ushahidi ambao mwema hana. Kwanza ni suala la sheria, na walimu tusiliogope. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inaulinda utungo wa muziki maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyonaswa, hulindwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Ndiyo kusema kwamba mambo haya ni mawili. Rekodi ya mwaka wa 1955 muda wake umekwisha pita. Lakini utungo wa mtu aliyefariki mwaka wa 2000, kama Fundi Konde, unalindwa mpaka mwisho wa mwaka wa 2050. Wanafunzi mnaorekodi kwa simu na kuwatumia watu mjue tofauti hiyo.

Lakini sheria ni ya mahakamani, nami nazungumzia adabu. Anayemjua mtunzi na amtaje kabla hajaanza kuimba. Asiyemjua na aulize, na asitosheke na jibu la kwanza kama nilivyotosheka mimi na la shangazi. Huko Changamwe, Mikindani, Mtongwe na Kisauni bado wako wazee waliopiga magitaa katika kumbi na maharusi, na kila mwaka tunawazika wachache wao. Mwalimu mmoja akiwa na wanafunzi kumi na daftari moja, katika likizo moja tu, anaweza kuokoa majina ambayo hakuna kitabu kitakachoyaokoa. Waulizwe: wimbo huu ni wa nani, uliupata kwa nani, ulitungwa kwa sababu gani. Swali hilo la tatu ndilo lililo muhimu kuliko yote.

Najua pingamizi nitakayotolewa. Yupo atakayesema kwamba nyimbo zetu za Kiafrika ni za jamii, si za mtu mmoja, na kwamba kuulizia mtunzi ni ugonjwa wa kizungu. Pingamizi hiyo ina uzito, nami naiheshimu. Wimbo wetu wa taifa wa mwaka wa 1963 ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, na hakuna anayejua ni mama yupi wa Mto Tana aliyeuanza. Lakini hata hapo hatusemi "hajulikani" tukaishia hapo. Twasema ni wa Wapokomo, nao Wapokomo hufurahi kila unapoimbwa. Ikiwa wimbo ni wa jamii, jamii itajwe. Ikiwa ni wa mtu, mtu atajwe. Wengi wanaolitumia neno "jamii" hawaulizi ni ya nani. Wanalitumia kama nilivyolitumia mimi neno "kienyeji", yaani kufunika uvivu.

Tena isidhaniwe kwamba nataka vijana waimbe kama wazee walivyoimba, neno kwa neno na pigo kwa pigo. Them Mushrooms hawakufanya hivyo, wala Clapton, wala Sayyid Abdalla. Mzee wa Likoni mwenyewe hakuupiga wimbo wake kama alivyoupiga ujanani. Umri ulikuwa umemfundisha kuupunguza mwendo. Kijana atie gitaa lake, ngoma yake, hata hizo kinanda za kompyuta, maadamu kipande cha mzee kimeachwa kisimame na kuonekana kwamba ni chake.

Sasa nirudi Kisauni nilikoanzia. Bendi ilipopumzika nilimshika mkono yule binti, tukamwendea mzee wa gitaa. Binti alimwamkia shikamoo, kisha akamwuliza, kwa woga kidogo, aliupata wapi wimbo wa "Tausi". Mzee alicheka. Akasema aliupata Changamwe akiwa mtoto, nyumbani kwa mjomba wake aliyefanya kazi ya reli na aliyekuwa na santuri ambazo watoto hawakuruhusiwa kuzigusa. Alikuwa akisikiliza nje ya dirisha.

Binti alitoa simu yake ili aandike, akamwuliza mzee jina lake.

"La kwangu litafuata," mzee akamwambia. "Anza na Fundi Konde."